Mama na Mawe ya Thanjavur

Daktari wa moyo alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na alipozungumza alimtazama mama, si mimi. Sauti ya mkalimani ilitoka kwenye simu iliyolazwa mezani, mwanamke wa Kongo ambaye hatukuwahi kumwona uso.

"Mama, docteur anasema ile valve walikuwekea kule Inde imechoka," alisema ile sauti. "Iko inarudisha damu nyuma. Anasema ni lazima wafanye opération ingine, waweke mupya."

"Mwambie nimesikia," mama akajibu.

"Anauliza kama uko na question."

"Sina."

Daktari aliendelea. Alisema valvu ya aina ile huwa inachakaa, hilo lilijulikana tangu mwanzo. Alisema mama asipopasuliwa, moyo utachoka kabla ya kiangazi kwisha. Nilipomuuliza kuhusu safari ya ndege ndefu alitikisa kichwa kabla mkalimani hajamaliza. Mama alikuwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri basi.

Tulipofika kwenye gari, ndani ya jengo la maegesho lenye baridi kuliko nje, ndipo aliposema.

"Nirudishe Chennai. Au niache hivi hivi."

"Mama, umemsikia daktari. Huwezi kupanda ndege."

"Basi niache hivi hivi."

Akafunga mkanda, jambo ambalo kwa kawaida lazima nimkumbushe. Nje theluji ya Februari ilikuwa imesukumwa pembeni mwa barabara ikawa vilima vyeusi. Nilijua Chennai anayoitaka. Nilikuwepo.

*

Safari ile ilikuwa zamani, wakati nilipokuwa bado Tanga, mwandishi wa habari wa redio, sijaolewa. Mama aliugua baridi yabisi utotoni, na ugonjwa ule uliacha alama kwenye moyo wake bila yeye kujua, hadi siku alipopanda ngazi za shule ya mdogo wangu akakaa chini katikati hawezi kwenda juu wala kushuka. Dar es Salaam wakasema aende India. Wajomba wakakutana, baba akauliza nani atamsindikiza, na macho yote yakanigeukia mimi kwa sababu nilikuwa na Kiingereza na sikuwa na mtoto.

Mtaa wa gesti karibu na hospitali ulinishangaza kuliko India yenyewe. Wagonjwa wengi wametoka kwetu kwenda kule hata mtaa ukajifunza. Dukani waliandika kwa Kiswahili kwamba kuna unga wa sembe. Dereva wa bajaji alikuita dada, akakutajia bei na kusema ni bei poa. Msimamizi wa gesti yetu, mzee mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kila siku, alijua kusema "pole" kwa namna tatu tofauti: ya aliyechoka, ya mgonjwa, na ya aliyefiwa. Sikuipenda ile ya tatu. Ilionyesha amefanya mazoezi.

Vipimo vilikwenda vizuri mpaka walipomtazama mama meno. Sikujua, lakini hawakupasui moyo kama mdomoni mna jino bovu, kwa kuogopa uchafu wa fizi usije ukaingia kwenye damu na kukaa kwenye valvu mpya. Mama alikuwa na gego limeoza nyuma kabisa. Wakaling'oa, wakasema tusubiri fizi ipone, ndipo wapange siku.

Kwa mama hiyo ikawa ishara.

"Jino limekataa," alisema, shavu limevimba. "Mungu angeweza kunitumia malaika. Kanitumia gego. Twende zetu nyumbani."

"Mama, tumetoka Tanga mpaka huku."

"Na tutatoka huku mpaka Tanga. Njia ni ileile."

Hakuwa anatania. Alianza kukunja kanga na kuzipanga kwenye sanduku, na kila asubuhi aliniuliza kama nimekwenda kubadilisha tarehe ya tiketi. Nilimpigia baba simu. Baba akasema, "Mshike mshike hapo, usimlazimishe," ushauri ambao ni rahisi kuutoa ukiwa Tanga.

Mzee wa gesti ndiye aliyeniokoa. Aliona sanduku liko mlangoni, akaniuliza kwa Kiingereza chake kidogo kama mama ameshatembezwa. Mgonjwa akikaa chumbani, alisema, anaiona hospitali tu, na akiiona hospitali tu ataikimbia. Akatuitia gari la mpwa wake. Daktari aliruhusu, mradi mama asipande ngazi na apumzike kila akichoka.

Tukaenda kwanza Mamallapuram, mji mdogo wa pwani kusini mwa Chennai. Wafalme wa kale waliwaweka mafundi pale wakachonga mwamba mzima kuwa nyumba. Hawakujenga, walichonga: ulikuwepo mwamba, wakauondoa usiohitajika, ikabaki nyumba yenye nguzo na paa na simba wa kulinda mlango. Kwenye ukuta mmoja mkubwa wa jiwe wamechonga tembo wa ukubwa wa kweli, na watoto wa tembo wamejificha katikati ya miguu ya mama zao. Mama aliutazama ule ukuta kwa muda mrefu. Nilidhani amechoka.

"Hawa waliokuwa wanachonga," akaniuliza, "mchana walikuwa wanakula nini?"

Nikamuuliza yule mpwa wa mzee, ambaye alikuwa dereva na kiongozi wa wageni kwa pamoja. Hakuwahi kuulizwa. Akafikiri, akasema labda wali na maziwa ya mgando.

"Na jua hili!" mama akasema. "Jiwe hili linawaka. Nani alikuwa anawaletea maji?"

Kuanzia hapo sikuwa mwandishi wa habari tena, nilikuwa mkalimani wake. Mimi ningeuliza mfalme yupi na karne ipi. Yeye aliuliza vumbi la jiwe walilitupa wapi. Palikuwa na hekalu lililochongwa nusu, mbele lina nguzo kamili na nyuma bado ni mwamba tu, na dereva akaeleza kwamba pengine mfalme alikufa au vita vilizuka.

"Au mkewe fundi alimwita chakula kipo tayari," mama akasema, "akaenda, akanogewa."

Dereva alicheka hadi akafuta macho. Karibu na hapo kuna jiwe la mviringo, kubwa kama nyumba, limekaa kwenye mteremko kana kwamba linataka kubiringika, na halijabiringika miaka yote hiyo. Watalii walikuwa wanalisukuma kwa mabega ili wapigwe picha. Mbuzi wamelala kwenye kivuli chake. Nikamwambia mama twende tukapige picha.

"Mimi? Lisije likawa lilikuwa linanisubiri mimi tu."

Jioni ile alikula wali wote kwenye sahani. Sanduku lilibaki mlangoni, lakini hakuuliza habari ya tiketi.

*

Thanjavur ni mbali, safari ya treni ya mchana kutwa, na nilimpeleka kwa sababu dereva alisema ukitaka kuona kazi ya mawe, Mamallapuram ni daftari la mwanafunzi. Thanjavur ndiyo mtihani wenyewe. Tulikaa dirishani. Mashamba ya mpunga yalipita yakiwa mabichi kabisa, na mama akawa ananionyesha wanawake waliokuwa wakipandikiza miche na kusema hawa wanapanda karibu karibu mno, au hawa wanajua kazi.

Hekalu la Thanjavur lilijengwa kwa granaiti miaka elfu moja iliyopita, na mnara wake unauona kabla hujauona mji. Kwa nje nilikuwa nimejiandaa kwa picha nilizoziona. Sikuwa nimejiandaa kwa uwanja. Ukishapita malango mawili unatokea kwenye ua mpana uliotandazwa mawe, na hekalu limekaa katikati peke yake, na mbele yake ng'ombe dume wa jiwe amelala chini ya banda lake akilitazama. Pembeni kote kuna baraza ndefu yenye nguzo. Chini ya kuta, kuzunguka jengo lote, wamechonga maandishi, mstari juu ya mstari: nani alitoa nini, nani alicheza ngoma, nani alisuka mashada. Nilitaka kusoma kila neno na sikuweza kusoma hata moja.

Kesho yake mchana tulivua viatu langoni. Mama alikuwa ameshaniwekea mpaka tangu kwenye treni.

"Uani nitaingia. Ndani kwa sanamu zao siingii. Nakwenda kutazama mawe, na Mungu anajua nakwenda kutazama mawe."

Mawe yalikuwa ya moto. Walikuwa wametandika mikeka ya makumbi kuzunguka hekalu ili watu wasiungue nyayo, na watu wote wakatembea juu ya njia ile ya mikeka, polepole, wanazunguka. Mama akashuka kwenye mkeka, akageukia kulia, akaanza kutembea.

Mimi nilikuwa nimebaki nyuma natazama yale maandishi. Nilipoinua kichwa nikamwona anakwenda peke yake upande mmoja na India nzima inakuja upande wa pili.

Wao wakizunguka mahali patakatifu hupaweka mkono wa kulia. Mama alikuwa amehiji na mjomba miaka michache kabla, ameitufu Kaaba, na Kaaba hukaa mkono wa kushoto. Miguu yake ilikuwa imejifunza njia moja tu ya kuzunguka jengo kubwa lililo katikati ya uwanja. Hakufikiri. Aliliweka hekalu kushoto, akaenda zake, baibui jeusi katikati ya sari za njano na nyekundu, anasema "samahani, samahani" kwa Kiswahili, na watu wanampisha.

Nilimkimbilia nyayo zikiungua. "Mama, unakwenda kinyume!"

"Kinyume cha nani?"

"Cha watu wote."

Akasimama, akatazama, akaona. Akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Ai! Na mimi najiuliza mbona hawa wote wanarudi."

Nilitaka kumgeuza lakini alikuwa amechoka, na mkeka ulikuwa umejaa, basi tukaendelea hivyohivyo kwa kujibana pembeni. Ndipo nilipoona kitu. Watu waliokuwa wanazunguka vizuri waliona migongo ya wenzao. Sisi tuliona nyuso. Kila mzunguko tulikutana na watu walewale: bwana mwenye mtoto mabegani, wasichana wa chuo wanaocheka, na mama mmoja mtu mzima mwenye sari ya kijani na asumini kwenye nywele, anayetembea na mkwewe aliyembebea chupa ya maji. Mara ya kwanza yule mama alitushangaa. Mara ya pili alitabasamu. Mara ya tatu yeye na mama wakacheka wote wawili, kama watu waliokutana sokoni asubuhi na jioni tena.

Mama akasimama kuvuta pumzi, mkono kifuani. Yule mama naye akasimama. Akautazama ule mkono, akatazama kifua kinavyopanda na kushuka, na akasogeza ukingo wa sari yake kidogo tu shingoni. Kovu lilianzia pale, limenyooka, jeupe, likashuka ndani ya blauzi.

Tuliketi barazani, kivulini. Mkwe alijua Kiingereza, nami nilijua Kiingereza, na maneno yakapita kwetu kama ndoo ya maji kwenye mstari wa watu.

"Anauliza, mama yako kashafanyiwa?"

"Bado. Hataki."

Yule mama akasema kitu kirefu. Mkwe akasita, halafu akatafsiri: "Anasema asiulizwe kwa nini hataki. Aulizwe anaogopa nini."

Sikuwa nimewahi kumuuliza. Nilikuwa nimeuliza kwa nini, lini, itakuwaje, baba atasema nini. Nikamgeukia mama. Alikuwa anazitazama nguzo.

"Naogopa kuamka," akasema. "Kufa siogopi, kufa ni siku. Naogopa kuamka nina mpira mdomoni siwezi kusema, na kila aliye mbele yangu simjui, na hakuna anayejua naitwa mama nani."

Nikayatafsiri. Yule mama wa sari ya kijani alisikiliza, akatikisa kichwa kulia na kushoto kama wanavyofanya wao wakikubali, akamshika mama mkono. Alisema yeye pia aliogopa hilo. Alisema yeye aliwaambia wauguzi kabla: wa kwanza kumwona awe mwanawe. Walikataa, akawaambia basi haingii. Wakakubali.

"Kumbe unaweza kuwaambia," mama akasema.

"Anasema hospitali ni yao," mkwe akatafsiri, "lakini moyo ni wako."

Hatukujuana majina. Walikuwa na basi la kuwahi. Mama alibaki barazani mpaka jua likapungua na mnara ukageuka rangi ya asali, na ndege wakaanza kurudi kwenye matundu ya juu. Kisha akasema ana njaa. Tulipokuwa tunatafuta viatu langoni akaniambia nisibadilishe tiketi.

Alipasuliwa. Niliwabembeleza wauguzi wiki nzima, nikawafundisha kusema "mama, usiogope, mwanao yupo," na alipofungua macho nilikuwa nimesimama pale na barakoa usoni, nikaivuta chini ili anione. Kisha zikaja siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa na mama yangu. Siku za kupona. Asubuhi tulitembea mpaka mwisho wa mtaa kutazama wanawake wakichora michoro kwa unga wa mchele mbele ya milango yao. Mchana alilala, nikasoma. Jioni tulikwenda kwenye hekalu la mtaani kukaa nje na kutazama watu. Nilimjua mama kwa mara ya kwanza, maana nyumbani siku zote alikuwa mama wa watu wengi. Kule alikuwa wangu peke yangu.

*

Baba alipofariki nilikuwa nimeshaolewa na kuhamia Marekani, nikamleta mama huku Minnesota. Sasa anaishi nasi Bloomington, ghorofa ya pili, dirisha lake linatazama maegesho. Mimi niko mapokezi katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, zamu za asubuhi na mara nyingi za jioni pia. Mume wangu, Mkenya, yuko kwenye ghala kule Shakopee. Mama hupika, huswali, huzungumza na Tanga kwa simu, na hutazama magari.

Wiki mbili baada ya daktari, hajabadilisha neno, akaniuliza: "Hapa hawana yale mahekalu?"

Wanalo. Liko nje ya mji kaskazini, katikati ya mashamba, na mnara wake unatokea ghafla juu ya theluji hata unadhani macho yako yamekosea. Jumapili moja nikampeleka. Chumba cha viatu kilijaa mabuti, safu kwa safu, yanatiririka maji ya chumvi ya barabarani, na mama akasimama kuyatazama kama alivyowatazama wale tembo.

"Kule kandambili," akasema, "huku mabuti ya askari. Mungu wao ana kazi."

Ukumbini ndani mna vihekalu vidogo, kila kimoja kimefuata mtindo wa mahali pake kule India, na sakafu ina joto chini ya soksi. Alitambua kimoja kinachofanana na mnara wa Thanjavur. Alikizunguka kwa mbali, safari hii akifuata watu. Lakini alizunguka mara moja tu. Nilimwona anatafuta ukuta wa kushika, nikamfikisha kwenye benchi la pale penye mabuti, na midomo yake ilikuwa imepoteza rangi.

Tulikaa mpaka pumzi ikarudi. Watoto walipita wakivutana makoti na kujibizana na wazazi wao kwa Kiingereza.

"Mama," nikasema, "hapa nitakuwepo ukiamka. Nimeshawauliza, wanaruhusu. Hata hawakunisumbua. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu. Hawa wa hapa nawaamini. Yule kijana wa miwani ana mikono mizuri."

"Sasa Chennai ya nini?"

Alichukua buti lake moja akaligeuza kutazama soli.

"Chennai nilikuwa nawe," akasema. "Tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ulinichukua kwenye treni, ulinionyesha tembo, ulinitafsiria mpaka ya upuuzi. Hapa tunakaa nyumba moja na nakusikia mlango tu, unafunguka, unafungika. Kisu sikikatai, mwanangu. Lakini nikilala pale mezani nisiamke, siku zangu za mwisho nitakuwa nimehesabu magari ya watu. Sitaki. Nipe siku kwanza, ndipo unipeleke kwenye kisu."

Niliinama nikamfunga kamba za mabuti, moja halafu la pili.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa amesimama jikoni anakula bila kukaa, maana alikuwa anaondoka.

"Si uombe leave tu," akasema. "Mimi nita-swap shift na mtu pale job. Mathe asi-worry."

"Wiki mbili?"

"Hata tatu. Boss wako akikataa mwambie aongee na mama mwenyewe. Atashindwa."

*

Nikapata likizo, na kwa bahati baridi ya Machi ikalegea. Theluji ikaanza kuyeyuka pembeni mwa barabara. Kila asubuhi mama alikuwa tayari kabla yangu, mtandio umebanwa, mkoba magotini. Nilimuuliza anataka kuona nini.

"Mawe," akasema. "Hawa nao lazima wana mawe."

Nilimpeleka kwenye kanisa kuu la Saint Paul, lililokaa juu ya kilima na kuba lake la kijani, akaniuliza mawe waliyapandishaje mlimani. Nilisema sijui. Akasema, "Basi soma, si pana kibao hapo?" Nilimpeleka mtaa wa Cedar-Riverside kunywa chai ya tangawizi na kula sambusa, akanunua udi, akabishana na muuzaji Msomali hadi wote wawili wakafurahi. Alikuwa anachoka upesi. Kila nikimwona anasimama nilihesabu moyoni mpaka aanze tena kutembea, na siku nyingine hesabu ilikuwa ndefu mno. Lakini alikuwa anazungumza. Aliniambia jinsi baba alivyomposa. Aliniambia juu ya mtoto aliyemzaa kabla yangu, ambaye nilijua kaburi lake tu.

Siku moja tulikuwa Minneapolis kando ya Mississippi, kwenye magofu ya kinu cha kusagia ngano. Kuta za mawe ya chokaa zimebaki zimesimama bila paa, madirisha yanaonyesha mbingu, na mbele yake lipo daraja la mawe lililopinda juu ya maporomoko. Barafu ilikuwa inakatika vipande na kushuka na maji. Nilimsomea kibao: mji huu ulikua kwa sababu ya unga, ngano ilikuja kwa treni, kinu kiliungua.

"Walikufa watu?"

"Inasema hapa kabla ya hiki kulikuwa na kingine, kililipuka. Vumbi la unga lilishika moto. Ndiyo, walikufa."

"Wafanyakazi?"

"Wafanyakazi."

Akalitazama lile dirisha tupu. Kisha akaketi kwenye benchi, kwa kishindo kidogo, na mkono ukaenda kifuani. Nilipiga magoti mbele yake. Upepo ulikuwa mkali na macho yake yalitoa machozi, na pumzi zilikuja fupi fupi kama za mtu aliyekimbia. Nikatoa simu kuita gari la wagonjwa.

"Usiwaite hao," akasema zilipoanza kutulia. "Mpigie yule kijana wa miwani."

Nilipiga. Tukasikiliza muziki wao, tukabonyeza namba, tukasubiri. Muuguzi anayepanga siku alipokea, kisha akaunganishwa mkalimani, mara hii kijana wa Nairobi mwenye haraka. Niliweka spika, nikamshikia mama simu karibu na mdomo.

"Mama, habari? Wanasema wako na slot moja, Jumanne hii. Uko sawa na Jumanne?"

"Mwambie nimekubali kupasuliwa."

"Amesikia. Anasema poa sana. So Jumanne?"

"Jumanne hii sina nafasi."

"Mama, uko na appointment ingine?"

"Niko na mwanangu."

Kisha tukamsikia anatafsiri, na muuguzi anacheka kidogo, na vitufe vya kompyuta vinabonyezwa.

"Anauliza kama ile Jumanne ingine itakuwa sawa. Lakini anasema isipite hapo, mama. Daktari hatakubali ipite hapo."

Mama akanitazama. "Hiyo nyingine umepanga kunipeleka wapi?"

"Popote, mama. Sijapanga."

"Haya." Akaisogelea simu. "Mwambie Jumanne hiyo. Na iwe asubuhi, nisije nikabadili mawazo kwa njaa."

Nilipokata simu alikuwa ameshanyoosha mkono nimwinue. Alisimama, akasubiri miguu iwe yake, akauliza huu mto unaishia wapi.

"Mbali sana, mama. Baharini, kusini kabisa."

"Basi leo twende mpaka pale darajani tu," akasema, na akanishika mkono.